Sura ya Tano: Sufuria, Mita na Muzigo

Vitabu vingi vinavyoeleza jinsi mji unavyoweza kupunguza nishati majumbani vimeandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Humo utasoma habari za kuziba nyufa za madirisha, kufunika dari kwa sufi ya kioo, kubadilisha mtambo wa kupasha nyumba joto. Ushauri huo ni mzuri mjini Stockholm. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, lakini imeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo hali ya hewa imeshawafanyia wenyeji kazi ambayo wengine huilipia: nyumba haihitaji kupashwa joto Julai wala kupoozwa Januari. Taa nazo hazina tena hadithi ndefu, maana balbu za LED zimeenea na chumba kizima huangazwa kwa umeme mdogo kuliko uliokuwa ukiliwa na balbu moja ya zamani. Ukiondoa joto la nyumba, baridi na mwanga, kinachobaki ni chakula. Anayetaka kujua nishati ya nyumba ya Kampala inakwenda wapi asipande juu ya bati kutafuta nyufa. Ainame atazame sigiri, lile jiko la mkaa ambalo watu wa Pwani huliita seredani, lililowekwa mlangoni au kwenye kibaraza, juu yake sufuria imefunikwa majani ya mgomba.

Nchini Uganda kwa jumla, kuni, mkaa na mabaki ya mazao hubeba zaidi ya asilimia 80 ya nishati yote inayotumika. Vijijini ni kuni. Kampala ni mkaa. Na mkaa una tabia moja inayofichwa na wepesi wake: sehemu kubwa ya hasara yake hutokea mbali na macho ya anayepika. Ili kupata kilo moja ya mkaa kwenye tanuri la udongo, lile la kufukia magogo na kuyaunguza polepole, huhitajika kilo sita hadi kumi za kuni. Tuchukue saba. Kilo saba za kuni zilizokauka zina nishati ya megajuli zaidi ya 100. Kilo moja ya mkaa inayotoka humo ina kama megajuli 30; nyingine zote zimekwenda na moshi huko kwenye wilaya zinakochomwa mkaa, kama Nakasongola au Amuru, na moshi wenyewe una methani, gesijoto kali kuliko hewa ukaa. Mkaa ukifika mjini, sigiri ya kawaida hupeleka kwenye sufuria kama sehemu moja ya tano tu ya joto lake. Sehemu nne hupasha hewa, mafiga na miguu ya mpishi. Kwa hiyo kati ya megajuli mia na ushei zilizoanza msituni, chakula kimepata sita. Sita hizo hizo kwa umeme ni chini kidogo ya uniti mbili. Hesabu na upotevu wa njiani, kwenye nyaya na transfoma, hesabu na joto linalotoroka jikoni, bado huvuki uniti tatu, yaani megajuli zisizozidi 11. Chakula ni kile kile, nishati ni kama moja ya kumi.

Hapa ndipo hoja ya sura hii inapoanzia, nayo husikika kama kinyume. Mji unaotaka nyumba zake zitumie nishati kidogo lazima uzifanye zitumie umeme mwingi zaidi. Kampeni ya kawaida, ile ya “zima taa, okoa umeme”, inamwelekeza mkazi wa Kampala upande usiofaa. Mama anayewasha taa mbili na kupikia mkaa ana bili ndogo ya umeme na mzigo mkubwa wa nishati. Akihamishia maharage yake kwenye sufuria ya presha ya umeme, bili itapanda na mzigo utashuka. Takwimu zinazopima maendeleo ya mji kwa uniti zilizookolewa zingemsifu wa kwanza na kumkemea wa pili.

Hoja hii isingekuwa na maana kama umeme wenyewe ungetoka kwenye makaa ya mawe, au kama usingekuwepo. Upo, na sehemu yake kubwa inatokana na maji ya Nile. Mitambo ya Nalubaale, iliyofunguliwa Jinja mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, ilifuatwa na Kiira, kisha Bujagali ya megawati 250 mwaka 2012, Isimba ya megawati 183 mwaka 2019, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa rasmi mwaka 2024. Uwezo wa mitambo umevuka megawati 2,000, wakati mahitaji ya saa ya kilele ni kama nusu ya hapo na ushei. Mikataba ya baadhi ya mitambo hiyo inaitaka serikali ilipie umeme uliokuwa tayari kuzalishwa hata kama hakuna aliyeutumia. Waganda wamezoea kusikia mjadala huo bungeni kila msimu wa bajeti. Wala umeme usio na mnunuzi si jambo geni katika historia ya nchi. Miaka michache tu baada ya Owen Falls kufunguliwa, Uganda ilikuwa na umeme ambao nyumba zake hazikuweza kuununua, na kwa mkataba wa mwaka 1955 sehemu ya umeme huo ikauzwa Kenya kwa masharti ya miaka 50. Nairobi ikawaka kwa maji ya Jinja, huku sehemu kubwa ya Kampala, kwenye mabonde yaliyo chini ya vilima vyake, ikiendelea kupepea mkaa. Miaka sabini baadaye mitambo imeongezeka, na mkaa bado unapepewa.

Kuna wanaosema mti ukikatwa huota mwingine, kwa hiyo mkaa ni nishati jadidifu na tatizo limetiwa chumvi. Kimsingi wana haki: msitu unaovunwa kwa kipimo unaweza kutoa mkaa miaka nenda rudi. Kipimo hicho Uganda haijakifuata. Misitu iliyofunika karibu robo ya nchi mwaka 1990 ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 9 mwaka 2015, na ingawa kilimo na makazi vimekula sehemu kubwa zaidi, mkaa unajulikana kwa njia uliyoacha nyuma yake. Zamani magunia yalitoka Luweero na Nakasongola, safari ya saa chache kutoka mjini. Miti ilipopungua huko, malori yakasogea Masindi, Kiryandongo, kisha Acholi, huko kaskazini, yakaanza kubeba hata miti ya shea, ambayo wenyeji huitegemea kwa mafuta na ambayo huchukua miongo kukomaa. Safari ya lori inayorefuka mwaka hadi mwaka ni ushahidi kwamba kinachokatwa hakirudi kwa kasi ile ile.

Serikali ililiona hilo. Mei 2023 Rais Museveni alitoa Amri ya Utendaji namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini na kaskazini mashariki mwa nchi. Bei ikapanda Kampala, mkaa haukukoma, na biashara ikahamia usiku. Yeyote aliyefuatilia marufuku za namna hii Afrika asingeshangaa. Tanzania ilijaribu mwaka 2006 na kulegeza baada ya majuma machache. Chad ilikaza zaidi mwaka 2009, na akina mama wa N’Djamena wakaishia kuunguza samani zao na kuandamana barabarani. Kenya iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, sehemu ya mahitaji yake ilivuka mpaka kuja kutafuta mkaa kwa majirani, Uganda ikiwemo. Marufuku hushika gunia njiani, lakini haijibu swali la mtu aliyeshika sufuria: nitainjika wapi? Tanzania ya leo imejaribu njia nyingine; imezikataza kwanza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, zenye bajeti na mhasibu, na imetangaza mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kuanzia kwa mwenye uwezo wa kubadilika ni busara. Lakini Kampala ni mji wa wapangaji, na mpangaji hana mhasibu.

Wengine hushauri tuanze na majiko bora ya mkaa, yale yenye bitana ya udongo ndani ya bati, yaliyozaliwa Kenya miaka ya 1980 na kutengenezwa Kampala kwa ustadi mkubwa. Sina ugomvi na jiko hilo. Hupunguza mkaa kwa theluthi hadi nusu, hujilipa ndani ya miezi michache, na limeajiri mafundi wengi kuliko miradi mingi yenye mabango. Ila tuone kikomo chake. Jiko bora huokoa sehemu ya megajuli 30 zilizofika mjini. Zile 70 na ushei zilizopotea tanurini haliwezi kuzirudisha isipokuwa kwa kupunguza idadi ya magunia. Na mji hausimami ukingoja: eneo la Kampala na viunga vyake limekuwa likiongeza watu kwa kasi ambayo ndani ya kizazi kimoja humeza akiba yote hiyo. Mkaa wa vitofali, unaotengenezwa kwa maganda ya matooke, zile ndizi za kupika, na vumbi la mkaa, nao una nafasi yake, tena kubwa kuliko inavyopewa, hasa katika mji uliokuwa ukirundika maganda hayo kwenye jaa la Kiteezi hadi tarehe 10 Agosti 2024, lundo lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Maganda yanayogeuzwa kuni hayaozi kutoa methani. Lakini hata yakikusanywa yote, hayawezi kupika chakula yalikotoka.

Linalobaki ni lile pingamizi ambalo husemwa kwa kujiamini kuliko yote: Waganda hawatapika kwa umeme, chakula chao hakikubali. Matooke hufungwa kwa majani, hupikwa kwa mvuke, huminywa, kisha hurudishwa kwenye makaa yaliyofunikwa jivu yakae mpaka mchana. Maharage huchemka saa mbili, tatu. Nani atawasha koili kwa saa tatu? Pingamizi hili lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo inahusu koili. Jiko la koili ni mlafi, na kwa chakula cha muda mrefu halifai. Sufuria ya presha ya umeme ni chombo kingine. Imefunikwa, imezungushiwa kizuia joto, na ikishafika kwenye presha hukata umeme yenyewe na kuurudisha kidogo kidogo. Tena mwinuko wa Kampala huipa faida ambayo mpishi wa Mombasa haipati kwa kiasi hicho: katika mita 1,200 maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, ndiyo maana maharage ya mlimani ni mabishi, lakini ndani ya presha joto hupanda juu ya 110. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa chini ya saa moja na chini ya uniti moja. Luwombo, kile kitoweo cha kufungwa kwenye majani ya mgomba, na ladha ya moshi vitabaki na makaa yake siku ya sherehe, na hakuna haja ya kuvifukuza. Anayehamisha maharage, makande, nyama ya kuchemsha na chai ya asubuhi amekwisha hamisha sehemu kubwa ya mkaa wake bila kugusa matooke.

Na kuna ushahidi mwingine, usiopendeza sana, unaoonyesha kwamba mapishi si kikwazo. Katika mitaa kama Katanga, Kisenyi na Bwaise wako mafundi wa kichochoroni wanaoitwa kamyufu, ambao huunganisha umeme kinyume cha sheria kwa malipo ya mwezi yasiyobadilika. Wafanyakazi wa shirika la umeme wakifanya misako hukuta nini? Koili zinazowaka mchana kutwa. Mtu ambaye uniti ya ziada haimgharimu kitu hupika kwa umeme, tena kwa chombo kibaya kuliko vyote, na nyaya zinazoweza kumuunguza. Wizi huo ni hatari na hulipiwa na wateja wengine. Lakini kama jaribio la kisayansi lisilokusudiwa umetujibu swali: ondoa bei, na desturi inasogea yenyewe. Kwa hiyo tuutafute ugumu kwenye bei na kwenye namna bei hiyo inavyofika chumbani.

Chumba chenyewe kina jina. Sehemu kubwa ya wakazi wa Kampala wa kipato cha chini huishi kwenye muzigo: safu ya vyumba chini ya bati moja, kila kimoja kikiwa na mlango, dirisha na familia yake. Mswahili akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza hufikiria mzigo, na kwa madhumuni ya sura hii hajapotea sana. Safu nyingi zina mita moja ya Yaka, ile ya kulipia kabla, inayomilikiwa na mwenye nyumba. Wapangaji huchanga, au umeme huingizwa kwenye kodi kwa kiwango kimoja, na panapochangwa huja masharti: pasi hapana, birika hapana, jiko la umeme hapana kabisa. Mwenye nyumba si katili. Anajua kwamba mmoja akipika, tisa watalipa, na kwamba nyaya zake zilitandazwa kwa ajili ya balbu na redio. Hivyo nyumba inahesabiwa kwamba “imeunganishwa na umeme”, na kweli imeunganishwa, huku sufuria yake ikiwa imekatazwa.

Juu ya hapo pana bei. Kufikia mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ilikuwa imeweka mpango wa ngazi kwa wateja wa majumbani: uniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja, kutoka ya 16 hadi ya 80 kwa bei kamili, zaidi ya shilingi 700, kisha kutoka ya 81 hadi ya 150 bei ya kupikia, shilingi 412, na baada ya hapo bei kamili tena. Nia ilikuwa njema na mamlaka inastahili sifa kwa kuwa miongoni mwa za mwanzo Afrika kuitaja sufuria kwenye jedwali la bei. Sasa tumpe jedwali hilo mpangaji wa muzigo. Taa, televisheni na simu humla kama uniti 12. Akianza kupika kwa vyombo vizuri ataongeza kama 60. Jumla 72: hajafika 81. Amepanda mlima wote wa bei kamili na kusimama hatua tisa kabla ya mteremko. Kwa bei kamili ya shilingi 750, ili hesabu iwe nyepesi, na tukiacha kodi, atalipa 46,500. Tajiri wa Kololo anayetumia uniti 300 kwa mtambo wa kupasha maji ya kuoga hupokea uniti 70 za bei ya kupikia kila mwezi bila kuinjika chochote.

Tuseme sasa vyumba kumi viko kwenye mita moja na vyote vinapika. Uniti ni 720. Ngazi za bei nafuu zimehesabiwa mara moja tu kwa watu wote kumi. Zimeisha wakiwa hawajazionja, na kila chumba kinalipa kama 50,900. Tukiwapa kila mmoja mita yake lakini tukaacha jedwali lilivyo, tumerudi kwenye 46,500, nafuu ya shilingi elfu nne na ushei, ambayo haimtoi mtu kwenye mkaa. Tukiacha mita moja lakini tukaishusha bei ya kupikia ianzie uniti ya 16, uniti 70 za nafuu zitagawanywa kwa vyumba kumi na hakuna atakayeziona: kila chumba bado kitalipa 50,900 ile ile. Tukifanya yote mawili, mita kwa kila chumba na ngazi ianzie 16, malipo yanashuka hadi shilingi 27,200 hivi. Bei karibu nusu, bila ruzuku mpya kubwa kuliko ile ambayo Kololo inaipokea tayari. Mlango una kufuli mbili, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukizungusha ufunguo mmoja tu, tukishangaa mbona haufunguki.

Mhasibu wa shirika atauliza nani atafidia mapato. Ni swali la haki, hasa sasa ambapo tangu Aprili 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kwisha, usambazaji umerudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, na hasara yake itakuwa ya umma. Jibu liko kwenye uniti zenyewe. Uniti 60 za kupikia za mpangaji huyu hazipo leo. Haziuzwi kwa bei yoyote. Umeme uliolipiwa Karuma na kuachwa bila kutumika huingiza sifuri. Kuuuza kwa 412, bei ambayo mamlaka yenyewe imeshaikubali, ni mapato mapya. Ipo hasara kwa wale wanaotumia kati ya 16 na 80 kwa mambo mengine, na ili kuizuia ngazi ya 81 hadi 150 irudishwe kwenye bei kamili. Kololo italalamika, na ina simu za kutosha za kulalamikia.

Pingamizi zito zaidi ni la kukatika kwa umeme, na hapa sipendi kujibu haraka. Wanaokumbuka mwaka 2006 wanakumbuka Ziwa Victoria lilivyoshuka, mitambo ya Jinja ikalegea, na majenereta ya dizeli ya kukodi yakanguruma Lugogo ili mji upate umeme kwa zamu. Leo vituo ni vingi, lakini vikubwa vyote vinakunywa maji ya mto mmoja unaotoka ziwa moja, na kuvipanga kwa mfuatano hakuviondoi katika kiu ya pamoja. Mji utakaotegemea umeme kwa chakula utakuwa umeweka mayai yake mengi kwenye kikapu cha Nile. Lakini mkaa nao si kikapu imara, kama bei ya 2023 ilivyoonyesha. Kaya zinazopika hazibadilishi chombo kama zinavyobadilisha shati. Huongeza kipya na kubakiza cha zamani pembeni. Sigiri itakaa uvunguni kwa siku ya giza. Ikitumika siku hamsini kwa mwaka badala ya mia tatu na zaidi, msitu hautalalamika. Ubovu wa kila siku, ule wa transfoma ya mtaa kulemewa saa moja jioni kila mtu akirudi nyumbani, una dawa za kawaida: transfoma kubwa zaidi, na matumizi yaliyotawanywa. Maharage hayahitaji kupikwa saa ya kilele. Yanaweza kuiva saa nane mchana na kungojea ndani ya kikapu kilichosokotwa na kujazwa nguo kuukuu.

Gesi ya mitungi ina nafasi kwa wanaoimudu. Hupika haraka, na hata ikiwa ni mafuta ya ardhini uchafuzi wake ni mdogo kuliko wa mkaa unaotoka msitu usiorudi. Hata hivyo hutoka nje, hupanda na dola, na hupita bandari ya watu. Serikali inatarajia kuipata kwenye visima vya Ziwa Albert. Ikija, vema.

Kuhusu wachomaji na wauzaji, ni kweli kwamba maelfu wanakula kwa mkaa: mchomaji wa Amuru, dereva, kuli, na mama wa Kalerwe anayepima kwa kopo mpaka vumbi la mwisho. Marufuku huwaangukia wote usiku mmoja, na kwanza humwangukia yule dhaifu, maana mwenye lori ana wa kumpigia simu. Kupungua kwa wateja, chumba baada ya chumba, huwapa miaka. Mama wa kopo anaweza kuanza na vitofali vya maganda, kisha kuuza kwenye meza ile ile vitu vingine ambavyo muzigo unahitaji. Sitajifanya kwamba kila mmoja atapata nafuu. Mchomaji wa Amuru hana meza ya kubadilisha bidhaa. Yeye atahitaji pesa za kupanda miti na kuitunza, na pesa hizo inafaa zitoke kwa mji uliokwisha kuila miti ya kwake.

Sasa mji wenyewe ufanye nini? Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, haizalishi umeme wala haipangi bei, na mara nyingi hujificha nyuma ya ukweli huo. Lakini ndiyo inayopitisha ramani za majengo. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 imeipa meno: nyumba haikubaliki bila choo, bila njia ya hewa. Hakuna kinachozuia kudai vilevile kwamba kila chumba cha kupangisha kiwe na mita yake, soketi moja yenye waya mnene wa kubeba sufuria ya presha, na swichi yake ya kukata umeme unapozidi. Kwa jengo jipya gharama hiyo ni ndogo mbele ya bei ya saruji. Kwa majengo yaliyopo ni ngumu zaidi, na hapo ndipo fedha za mikopo zingeingia. Mradi wa kupanua huduma ya umeme uliopata zaidi ya dola milioni 600 za Benki ya Dunia mwaka 2022 una fungu la nishati safi ya kupikia, na fungu hilo likitumika kugawa majiko kwenye vyumba vyenye nyaya za redio litakuwa limewapelekea watu mapambo. Waya kwanza, kisha chombo. Bei ya chombo, shilingi laki kadhaa, inaweza kukatwa kidogo kidogo kwenye Yaka, kwa sababu anayenunua mkaa kwa kopo la leo amezoea kulipa kwa leo.

Wenye nyumba watasema kodi itapanda. Huenda ikapanda. Mpangaji ambaye malipo ya umeme wa kupikia yameshuka kwa zaidi ya 20,000 na asiyenunua tena mkaa wa kila siku ana mahali pa kukutania na mwenye nyumba, na mwenye nyumba asiyegombana tena kuhusu nani kapiga pasi amepunguza kazi yake. Ugumu uliopo ni wa mipaka. Sensa ya 2024 iliikuta wilaya ya Kampala na watu kama milioni 1.8, na Wakiso inayoizunguka na zaidi ya milioni 3.4. Safu mpya za muzigo zinajengwa Nansana, Kira, Kyengera na Bweyogerere, ambako KCCA haina kauli na kibali hutolewa na ofisi nyingine. Kanuni ikiandikwa kwa ajili ya Kawempe peke yake, fundi atabeba matofali yake na kuvuka barabara hadi Nansana, ambako mita moja kwa vyumba kumi bado inaruhusiwa.